Mlango wa Nyuma Hautaki Kufunga: Verini, Kitasa au Hewa?

BARAKA: Karibuni tena, tuko Goma, umeme upo kwa sasa. Mama Gloire ameingia studio anashika bega.

MAMA GLOIRE: Acha tu. Wiki hii wamenifungia verini mpya, yale mabomba mawili ya gesi yanayoinua na kushikilia mlango, kwenye mlango wa nyuma wa Toyota Noah yangu. Zile za zamani zilikuwa zinauacha mlango unishukie kichwani. Hizi mpya, mlango hautaki kushuka mpaka nining'inie.

BARAKA: Ulifungua dirisha?

MAMA GLOIRE: Mmemsikia? Hata salamu hajamaliza. Leo niko na masomo matatu kwenye karatasi: verini, kitasa, na ile milango ya umeme. Dirisha halimo.

BARAKA: Litaingia lenyewe.

MAMA GLOIRE: Somo la kwanza. Kabla ya kununua chochote, jiulize mlango ni mgumu wapi. Ukiwa juu kabisa, unavuta na hautaki kuanza kushuka, hizo ni verini. Ukishuka vizuri halafu ukakataa sentimita chache za mwisho, mara nyingi verini hazina kosa. Kwenye gari nyingi, mlango ukikaribia kufunga, verini zinalala karibu na mstari wa bawaba na hazisukumi tena kwa nguvu ile. Hapo tafuta kitasa, mpira unaozunguka mlango, au...

BARAKA: Au hewa. Sema.

MAMA GLOIRE: Wangu ni mgumu juu. Kwa hiyo nyamaza kidogo, waziri wa madirisha. Verini nyingi za dukani huandikwa nguvu kwenye bomba kwa Newton, kwa mfano 400N. Newton 10 ni kama kilo moja. Ukifunga zilizozidi zile za kiwandani kwa 100N kila moja, umeongeza kama kilo 20 kwa zote mbili. Mkononi, kule kwenye ukingo wa mlango, utasikia kidogo kuliko hizo kwa sababu verini zimeshikwa karibu na bawaba, lakini utasikia.

BARAKA: Na muuzaji atakwambia "zinafanana".

MAMA GLOIRE: Kwa urefu zinafanana! Na urefu nao upimwe vizuri: katikati ya kikombe cha juu, kile kinachokaa kwenye gololi, mpaka katikati ya kikombe cha chini, verini ikiwa imetoka yote. Iliyo ndefu inaweza kusukuma mlango kupita kipimo chake na kupinda bawaba. Halafu pima na inavyokuwa imeingia yote. Kama haiingii vya kutosha, mlango utagota kabla ya kufunga, na ukilazimisha, kitapinda kitu.

BARAKA: Kwa Toyota tafuta namba ya kipuri. Verini za nyuma huanza na 68950 upande mmoja na 68960 upande mwingine, na tarakimu zinazofuata ndizo zinasema ni za gari gani. Ukinunua okazioni, yaani zilizokwisha tumika, toa zote mbili kwenye gari moja, modeli moja. Mlango wenye kipepeo cha juu, ile spoila, ni mzito zaidi, verini zake nazo ni kali zaidi.

MAMA GLOIRE: Na jua. Ndani mna gesi ya nitrojeni. Gari ikishinda juani, verini ikapanda kutoka digrii 20 mpaka 40, nguvu inaongezeka karibu asilimia 7. Verini iliyo sawa sawa haitakusumbua kwa hiyo. Iliyozidi tayari, saa nane mchana utaijua.

BARAKA: Sasa nipe dakika moja ya hewa.

MAMA GLOIRE: Moja.

BARAKA: Mlango wa nyuma ni mpana. Ukiufunga haraka unasukuma hewa ndani, na hewa ile lazima itoke. Kiwandani wanaweka matundu yenye vipande vya mpira mwepesi, mara nyingi nyuma ya bampa, kwenye kona. Hewa ikisukuma, vinafunguka, halafu vinajifunga. Sasa gari imegongwa, tolie, fundi wa bati, amenyoosha, amejaza mastiki, tundu limekwisha. Au mwenye gari amechoka na vumbi jeusi la mawe yetu ya volkano, ameziba mwenyewe.

MAMA GLOIRE: Vumbi linaingia kweli, usiwaseme vibaya.

BARAKA: Wazibe mpira wa mlango uliochoka, si tundu la hewa! Jaribio ni hili: funga mlango kwa nguvu ileile mara mbili, madirisha yote yamefungwa, halafu moja liko wazi. Ukikubali na dirisha wazi tu, usiguse kitasa. Washa feni mpaka mwisho, weka swichi kwenye hewa ya nje, funga milango, kisha peleka mkono kule nyuma ya bampa. Kama hakuna upepo unaotoka, fungua pembeni ndani ya buti utafute.

MAMA GLOIRE: Imekuwa dakika nne. Na tatizo langu liko juu, hewa haijafika hata.

BARAKA: Mlango wako ungekuwa na dirisha...

MAMA GLOIRE: Una dirisha! Kioo kizima!

BARAKA: Basi. Dawa ya wiki hii, mpaka upate zenyewe: toa verini moja. Inua ile klipu ya chuma kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, usiing'oe, vuta kikombe kutoka kwenye gololi. Mtu akushikie mlango. Umebaki na nusu ya nguvu.

MAMA GLOIRE: Hapana. Kwa Noah, hapana. Mlango ule ni mrefu na mzito. Ukisukumwa upande mmoja unajipinda, bawaba moja inabeba, na kitasa hakikutani tena na pete yake, kile chuma kinachodakwa na kitasa. Na ile moja ikichoka, hakuna ya pili ya kukuokoa kichwa.

BARAKA: Kuna gari ndogo zinatoka kiwandani na moja tu.

MAMA GLOIRE: Zilichorwa hivyo toka mwanzo! Mlango mdogo, bawaba zake zimehesabiwa.

BARAKA: Na wewe unaning'inia kwenye mbili kila siku. Kila ukivuta, zile gololi zinavuta bati. Bati likipasuka pale, ni kuchomelea. Kipi kibaya?

MAMA GLOIRE: Kibaya ni kichwa. Heri nirudishe zile zilizochoka, nisimamishe mlango kwa fimbo.

BARAKA: Fimbo nayo iko upande mmoja, Mama Gloire.

MAMA GLOIRE: Fimbo naiona, na naitoa kabla ya kufunga. Si sawa.

BARAKA: Mimi nabaki na moja.

MAMA GLOIRE: Na mimi nabaki na fimbo. Ila wote wawili tukubaliane hapa: mtu asitoboe verini kupunguza gesi. Kuna mafundi wanapendekeza. Ndani kuna presha kubwa na mafuta kidogo. Kitakachotoka hakichagui jicho. Wala usiipashe moto. Na ukifunga mpya, kile chuma chembamba kinachong'aa, kinachoingia na kutoka kwenye bomba, kikae chini mlango ukiwa umefungwa, mafuta yalowanishe mpira unaozuia gesi kutoka.

BARAKA: Wanatuonyesha saa. Kitasa?

MAMA GLOIRE: Haraka. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi: unapaswa kulia "tak" mara mbili, kisha uachie ukivuta kifungulio. Ukikwama, osha vumbi kwanza, grisi kidogo baadaye. Pete ikiwa imehama, piga alama kwa kalamu kabla ya kulegeza buloni, usogeze milimita moja, ujaribu tena. Vile vipira vya kona vinavyozungushwa...

BARAKA: Muda umekwisha kabisa. Milango ya umeme?

MAMA GLOIRE: Wiki ijayo, kama hutaleta dirisha.