Tumepiga hema Lake Mead: haya maji ya jangwani yametoka wapi?

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi. Sauti inafika? Kuna upepo, nimeupa mgongo ili msisikie makelele tu. Leo siko mjini. Las Vegas iko nyuma ya ile milima, chini ya saa moja kwa gari, na hapa nilipo panaitwa Boulder Beach, ndani ya hifadhi ya Lake Mead. Ngoja niwageuzie kamera. Mmeona? Kule maji, bluu kabisa. Huku nikigeuka, mawe na vichaka vikavu mpaka macho yachoke. Miti mnayoiona hapa kambini imepandwa na inamwagiliwa. Ukitoka nje ya kambi hupati kivuli cha kumkinga hata mbuzi.

Tangu nirushe kile kipande kifupi cha watoto wakiogelea, nyie mmenishikia bango: Vegas si ni jangwa, ziwa limetoka wapi? Kuna mmoja alisema nimekwenda California halafu nawadanganya. Haya, tukae tuongee, chai ninayo.

Kwanza, hili si ziwa kama letu la Victoria. Ni bwawa. Kuna mto unaitwa Colorado, unaanzia milima ya Rocky mbali huko kwenye theluji, unashuka mpaka kwenye hili jangwa. Mwaka 1931 wakaanza kuujengea ukuta kwenye korongo jembamba, mpakani mwa Nevada na Arizona, na Septemba 1935 Rais Franklin Roosevelt akaja kuuzindua. Ndio ukuta wa Hoover huo. Una kimo cha mita 221. Mto ukakosa pa kupita, ukarudi nyuma, ukajaza mabonde. Mnachokiona hapa ni mabonde ya jangwa yaliyojaa maji, na vile visiwa ni vilele vya vilima.

Kwa Watanzania wenzangu niwape kitu cha kujivunia kidogo. Ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji una mita 131, mfupi kuliko huu. Lakini kwa umeme, mitambo yetu tisa ni megawati 2,115, na hii ya Hoover, kumi na saba, ni kama 2,080. Tumewapita. Sasa kabla hamjapiga vigelegele, angalieni kule ng'ambo. Ngoja nivute kamera. Ule mkanda mweupe kwenye mwamba mnauona? Wengi mnadhani ni mchanga. Ule ni ukoko wa madini yaliyoachwa na maji. Pale juu mweupe unapokoma ndipo maji yalipokuwa zamani, na toka pale mpaka yalipo leo ni zaidi ya mita 40. Jengo la ghorofa kumi na kitu lingesimama pale na kukaa kavu. Ukuta uko palepale, mitambo ipo, ila maji yakishuka na umeme unashuka. Hilo nasi tunalijua kwa bwawa letu la Mtera.

Mara ya mwisho bwawa hili kujaa mpaka kumwagika ni 1983. Tangu 2000 ukame umelishika, na Julai 2022 lilishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa miaka ya 1930. Na mkiniuliza mimi, ukame ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mahesabu. Mwaka 1922 majimbo saba yaligawana maji ya mto huu kwenye karatasi, na miaka waliyoitumia kupigia hesabu ilikuwa ya mvua nyingi isivyo kawaida. Kwa hiyo waligawana maji ambayo mto hauna. Baadaye, 1944, Meksiko nayo ikawekewa fungu lake kwa mkataba. Nevada, jimbo ninaloishi, lilipata kijisehemu tu; California kwenye mgawo wa majimbo ya huku chini ya mto inapata karibu mara 15 ya chetu. Enzi hizo Vegas ilikuwa kituo cha treni, nani angeitetea?

Maji yaliposhuka, mambo yakaanza kuibuka. Kulikuwa na mji mdogo unaitwa St. Thomas, walowezi wa Kimormoni waliuanzisha 1865. Bwawa lilipojaa ulizama, watu wa mwisho wakaondoka 1938. Leo unakwenda kwa miguu unatembea kati ya misingi ya nyumba. Na Mei 2022, watu waliokuwa kwenye mashua wakaona pipa limekwama kwenye tope, ndani yake mabaki ya mtu aliyepigwa risasi. Polisi waliangalia nguo na viatu wakasema aliuawa kati ya miaka ya sabini katikati na themanini mwanzoni. Hii ni Vegas, kila mtu hapa ana maelezo yake kuhusu lile pipa, mimi sitii neno.

Sasa tushuke majini, maana najua ndicho mnachongoja. Twendeni. Mnaona tunavyotembea? Zamani gari ulikuwa unaliegesha pale juu, unavua viatu, uko majini. Sasa maji yamekimbia, ufukwe umebaki mrefu, na huu si mchanga wa Kigamboni, ni kokoto na mawe. Boksi la barafu ulibebe wewe, viti ubebe wewe, mtoto akichoka naye ubebe.

Na viatu usivue! Njooni karibu muone hivi. Hivi vigamba vidogo, vimejaa mpaka vinalia chini ya nyayo. Ni kome wa aina ya quagga. Asili yao ni upande wa Ukraine, wakasafiri na meli, wakagunduliwa hapa Januari 2007, na sasa wameng'ang'ania kila jiwe, kila bomba. Vinakata mguu kama wembe. Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, mnakumbuka magugu maji yalivyokuja yakafunga mialo yetu? Ni yaleyale, mgeni aliyeingia bila viza halafu hatoki. Ndiyo maana mwenye boti hapa akiondoka anatakiwa aisafishe, aimwage maji yote, aikaushe, asije akawapeleka kome hawa kwenye ziwa lingine.

Haya, nimeingia. Aaah! Jamani. Maji ni baridi ya kupendeza, na ni meupe, naona vidole vyangu vya miguu. Niwaambie kitu. Mimi nimekulia Mwanza, Kirumba, ziwa unaliona ukifungua dirisha, na sikuogelea. Mama alikuwa na sentensi mbili: kuna mamba, kuna kichocho. Wavulana walikuwa wanatoroka, sisi wasichana tunafua tunaondoka. Nimekuja kufundishwa kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la kuogelea lenye dawa, na mwalimu kijana mdogo wa kumzaa. Hapa hakuna mamba, hakuna kiboko, hakuna kichocho. Kwa hiyo mwanamke wa Mwanza ameogelea kwa uhuru mara ya kwanza kwenye jangwa la Nevada. Mama, kama unaangalia, nimevaa jaketi, usinipigie.

Na hili jaketi la kujiokolea nataka niliseme vizuri. Hapa hakuna mwokoaji anayekaa kwenye kiti kirefu na filimbi. Hakuna kabisa. Sakafu inateremka taratibu, hatua, hatua, halafu ghafla hamna sakafu. Na kinachoua watu zaidi ni upepo. Asubuhi maji yametulia unaweza kujitazamia sura, mchana upepo unatoka korongoni bila hodi. Watu wanakuja na yale maboya ya kuchezea, ndege wa plastiki, madonati, yanapeperuka kama karatasi na mtu juu yake. Mwingine anakimbilia boya lake kwa kuogelea, na boya linakimbia kuliko yeye. Askari wa hifadhi wanasema kila mwaka, kuzama ndicho kifo kinachoongoza hapa. Unawaona vijana wenye misuli wanaona aibu kuvaa jaketi. Mtu wa Mwanza habishani na jaketi. Sisi tuna meli ya MV Bukoba, iliyozama 1996. Tuna kivuko cha MV Nyerere, kilichozama pale Ukara, 2018. Watoto wangu wakigusa maji hata ya magotini, wamevaa, na wakilia walie.

Jambo lingine, kuna chemchemi za maji moto kwenye makorongo chini ya ukuta, watu wanazipenda sana kwenye picha. Ukienda, usizamishe kichwa wala usiruhusu maji yaingie puani. Kuna amiba anapita puani anakwenda kwenye ubongo. Ni nadra, lakini akiingia, kupona ni kwa bahati sana. Mimi huko siendi, chai moto ninayo hapa.

Tumerudi kambini. Hema letu hilo hapo, la kijani. Mnaona nimeweka mawe juu ya vigingi? Ardhi ni kavu na ngumu, kigingi kinaingia nusu, na upepo wa jioni unaweza kukuachia godoro peke yake. Kila kiwanja kina meza, jiko la chuma la kuchomea na kivuli kidogo. Choo kipo, maji ya bomba yapo. Jirani zetu upande huu ni wazee wenye nyumba ya magurudumu, wana televisheni ndani, wana kiyoyozi, wanasema wanapiga kambi. Haya.

Kunguru wa hapa ni wezi waliosomea. Usiache mkate mezani ukaenda chooni. Na Boulder City, mji mdogo ule uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ukuta, kuna bustani ya nyasi ambako kondoo mwitu wenye mapembe ya kujikunja wanashuka kutoka mlimani kula, watu wanawapiga picha. Kondoo hawana habari na mtu. Mji huo kamari ni marufuku mpaka leo, na uko jirani kabisa na Vegas!

Jioni watoto wangu wana mchezo wao. Tunanunua tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Giza likiingia unamulika kwenye mawe, na nge anawaka kijani kama taa ya duka la dawa. Kweli kabisa, ngozi yake inang'aa kwenye mwanga ule. Watoto wanapiga kelele, mimi ninahesabu viatu: vyote ndani ya hema, na asubuhi vinakung'utwa kabla ya kuvaliwa.

Chakula? Sato. Wa kugandishwa, amefugwa sijui wapi, nisiwadanganye kwamba anafanana na wa mwaloni. Lakini ukimpaka ndimu, chumvi, tangawizi, ukamchoma, na ugali umesongwa kwenye jiko la gesi, kachumbari pembeni, majirani wanaanza kuchungulia. Yule mzee mwenye kiyoyozi amekula vipande viwili.

Mnaniuliza gharama. Kuingia na gari ni dola 25, inakaa siku saba, mkijaza gari watu watano ni ileile. Kiwanja cha kambi dola 20 kwa usiku. Kwa mji ambao sahani moja ya hotelini inaweza kukumalizia hizo zote, hii ndiyo starehe ya watu wa kipato chetu. Wiki za mwisho wa Machi, Aprili, Oktoba, hapo ndipo pa kuja. Kuna jamaa yangu anatua Julai, ameshaniandikia anataka kulala kwenye hema. Kaka, Julai hapa ni nyuzi 43, 45, wakati mwingine zaidi. Usiku hema halipoi. Mlango wa gari unakuunguza mkono. Watu wanapotea njiani wanakufa na chupa tupu. Utalala kwangu, kwenye kiyoyozi, tutakuja hapa alfajiri, tutaogelea, saa nne asubuhi tumeondoka.

Ah, nimesahau swali la dada wa Dodoma: je, maji haya mnakunywa? Tunakunywa, dada yangu. Vegas asilimia kama tisini ya maji yake ni ya mto huu, yanachotwa humu ziwani. Mto mzima unategemewa na watu mamilioni, na wanaotegemea hili bwawa peke yake wanakaribia milioni 25, mpaka Los Angeles. Na kuna kitu kinanifurahisha: maji ya ndani ya nyumba Vegas, ya kuoga, ya kuosha vyombo, ya chooni, yanasafishwa kisha yanarudishwa humuhumu ziwani, na jimbo linahesabiwa kuwa limerudisha. Kwa hiyo kuoga sana si dhambi kubwa. Dhambi ni nyasi, maana ukimwagilia bustani jua linakunywa, hairudi kitu. Mwaka 2021 Nevada ilitunga sheria ya kung'oa nyasi za mapambo, zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi ambazo hakuna anayezikanyaga, mwisho wa kuzimwagilia kwa maji ya mto ni kumalizika kwa 2026. Kwetu mbele ya nyumba ni kokoto na kakati mbili, ile mimea ya miiba ya jangwani. Mama alipoona picha aliuliza kama hatujamaliza kujenga.

Upepo umeongezeka, mnasikia, na hema linaniita. Video ijayo nitakuwa juu ya ukuta wenyewe wa Hoover, nimeshapata nafasi ya kushuka kwenye mitambo. Wenye maswali ya umeme, hasa nyie vijana mliofanya kazi Rufiji, yaandikeni chini, nitamuuliza mwenyeji wa pale. Haya, kwaherini, bando lenu lisije likaisha kwa ajili yangu.