Moshi wa Kibatari na Joto la Dunia

Wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, kibatari hiki nilichokiwasha mezani ni cha kopo na utambi wa kitambaa, na kama mnavyoona, karatasi niliyoishika juu ya mwali wake kwa muda mfupi tu imepata doa jeusi tititi. Hayo ni masizi, yaani kaboni iliyokosa hewa ya kutosha ikashindwa kuungua ikaisha. Watafiti waliopima vibatari wamekuta kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua humo hugeuka masizi.

Masizi yakipaa hufyonza mwanga wa jua na kuugeuza kuwa joto papo hapo, ilhali hewa ukaa huuachia mwanga upite, kisha ikazuia joto linalotaka kurudi juu. Yakitua juu ya theluji, kama inavyotokea Himalaya, huitia weusi ikayeyuka mapema.

Ozoni, ambayo nayo ni gesi, inawachanganya wengi. Ile ya juu sana hutukinga na miale mikali ya jua. Hii ya huku chini, ambayo haitoki katika ekzosi yoyote, hupikwa na jua lenyewe kutokana na gesi ya methani, mivuke ya petroli na oksidi za naitrojeni za magari, nayo hunasa joto, huumiza mapafu na kupunguza mavuno ya shambani.

Masizi hukaa hewani siku chache, yakizidi sana wiki mbili, na ozoni ya chini wiki kadhaa, lakini sehemu ya hewa ukaa tunayoitoa leo itakuwapo karne nyingi zijazo. Ndiyo maana ripoti ya mwaka 2011 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ilikadiria kwamba kupunguza masizi na methani kungeepusha takriban nusu nyuzi ya ongezeko la joto kufikia 2050. Nusu nyuzi si haba, ila haitufutii deni la hewa ukaa.

Tatizo ni kwamba moshi hausafiri na masizi peke yake. Chembe za salfa hurudisha mwanga wa jua, zikawa kama mwavuli: mwaka 2020, salfa inayoruhusiwa katika mafuta ya meli, zikiwamo zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam, ilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, hatua njema kwa mapafu ya watu wa bandarini, lakini mwavuli nao ukapungua. Moshi wa kuni una mchanganyiko wa namna hiyo, wa chembe zinazopasha joto na zinazopoza, hivyo sina hakika kuuondoa kutapunguza joto kiasi gani; kwa hiyo mimi hutetea nishati safi ya kupikia, ambayo Tanzania imelenga iwafikie asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, kwa ajili ya vifua vya wapishi kwanza, na hesabu ya joto ifuate baadaye. Kwa dizeli na kibatari sina shaka kama hiyo, kwa kuwa moshi wake mwingi ni masizi.

Naomba nikizime sasa, maana safu ya mbele wameanza kukohoa.