Mlipuko Ule Haukuwa Mzaha: Mhadhara juu ya Sayonara Eri

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na wapenzi wa katuni na sinema mliofika jioni hii,

Kabla sijasema neno lolote juu ya kitabu chenyewe, naomba kila mwenye simu aitoe mfukoni, ailaze kwa upana kama mtu anayejiandaa kurekodi, kisha aitazame hivyo hivyo bila kuiwasha. Umbo hilo la mstatili uliolala ndilo umbo la takribani kila kisanduku cha Sayonara Eri, hadithi ya Kijapani iliyochorwa na Tatsuki Fujimoto na kutolewa tarehe 11 Aprili 2022 katika Shonen Jump+, jukwaa la mtandaoni la wachapishaji wa Shueisha. Ni kurasa 200 zilizotolewa kwa mkupuo mmoja, na nyingi kati yake zina visanduku vinne vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, vyote vya upana mmoja. Katika baadhi ya visanduku hivyo mistari imerudufiwa, uso juu ya uso, kama picha iliyotikisika kwa sababu mkono wa mpigaji haukutulia. Fujimoto ndiye mchoraji wa Chainsaw Man, kazi ambayo kurasa zake hupasuka vipande vipande na wahusika humwaga damu nje ya mipaka ya visanduku, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba alipanga hivi kwa kukosa mbinu. Alijifunga kwa hiari, na sababu ya kujifunga ni kwamba karibu kila tunachokiona katika hadithi hii kimepita kwanza kwenye kamera ya simu ya mtoto.

Mtoto huyo anaitwa Yuta Ito. Anapewa simu siku anapotimiza miaka 12, na mama yake, ambaye ni mgonjwa, anamwomba amrekodi mpaka atakapofariki. Yuta anatii. Tunamwona mama akila, akicheka, akitembea na mwanawe na mumewe, akidhoofika taratibu. Halafu inafika siku ya mwisho, baba anamtaka Yuta aingie wodini kuagana na mama yake, na kijana anageuka, anatoka mbio nje ya hospitali. Nyuma yake hospitali inalipuka. Moto, moshi, vifusi hewani, na mtoto anakimbia kuelekea kwetu. Ndipo tunapogundua kwamba tumekuwa tukitazama filamu iliyoonyeshwa kwenye tamasha la shule, na kwamba ukumbi mzima umekasirika. Wanafunzi wanamcheka na kumtukana, mwalimu anamhoji kwa nini amefanya mchezo na kifo cha mzazi wake, na Yuta anapanda juu ya paa la hospitali ile ile akikusudia kujirusha. Hapo ndipo anapokutana na Eri, msichana ambaye ameiona filamu hiyo na kuipenda kupita kiasi, ambaye anamkokota mpaka kwenye jengo lililoachwa, anamkalisha mbele ya sinema moja baada ya nyingine, na kumwagiza atengeneze filamu ya pili itakayowaliza wale wote waliomcheka.

Wahakiki wengi wa kitabu hiki huupita mlipuko ule haraka. Wengine huuita kichekesho, wengine huuita njia ya mtoto kuukimbia uchungu, kana kwamba ameweka moto pale asipoweza kuweka maiti. Mimi nakuja kwenu na dai tofauti, nalo ndilo dai langu la pekee jioni ya leo: katika filamu yote ya kwanza ya Yuta, mlipuko ndiyo picha pekee iliyosema kweli.

Ili kulielewa dai hilo inabidi turuke mpaka katikati ya kitabu. Yuta na Eri wamekwisha kuandaa wazo la filamu yao, hadithi ya kijana aliyempoteza mama yake na kukutana na msichana mnyonya damu ambaye naye anakaribia kufa. (Nilipokuwa nikimsimulia kijana mmoja wa pwani kisa hiki nilitumia neno mumiani, akaniangalia kwa wasiwasi, nami nikatambua kosa langu: mumiani wa pwani yetu ni mwizi wa damu ya watu, habari ya kutishia watoto na hata watu wazima, ilhali huyu wa Eri ni mpweke aliyeishi mno. Nimerudi kwenye "mnyonya damu" ingawa ni neno bapa.) Kisha Eri anaanguka kweli, anaugua kweli, naye pia anamwomba Yuta amrekodi mpaka mwisho. Yuta anakataa. Anasema hawezi kumrekodi tena mtu anayekufa. Na baba yake, badala ya kumhurumia tu, anamwonyesha kipande cha video ambacho hakuwahi kukiona.

Katika kipande hicho mama ni mtu mwingine. Alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, na kumbe maombi yake kwa mwanawe hayakuwa ya mama anayetaka kukumbukwa, ilikuwa kazi. Alitaka picha za ugonjwa wake ili, endapo angepona, azifanye kipindi. Tunamwona akimkaripia mtoto kwa kutorekodi inavyotakiwa. Na wodini, siku ile Yuta alipokimbia, baba ndiye aliyeshika simu, na maneno ya mwisho ya mama juu ya mwanawe yalikuwa kwamba mtoto huyu hafai kitu mpaka dakika ya mwisho.

Rudini sasa kwenye filamu ya kwanza. Mama yule mpole, mcheshi, mwenye mwanga wa jua kwenye nywele, hakupatikana hivi hivi. Yuta alikaa na saa nyingi za picha, akachagua sekunde zile ambazo mama yake alikuwa mwema, akazipanga, na zile nyingine akazificha. Kila picha ya mama katika filamu ile ni msamaha. Kitu kimoja tu hakikusamehe, nacho ni mlipuko. Mtoto aliyetumwa na mama yake kurekodi kifo kama mfanyakazi anavyotumwa na bosi, alikataa kukirekodi, na mahali pa picha aliyoagizwa akaweka moto. Wenzake waliona dharau, na kwa kiasi fulani hawakukosea, maana hasira imo. Walichokosa kukijua ni kwamba hasira hiyo ilikuwa na haki ya kuwepo.

Naomba niwatolee mfano wa nyumbani, maana jambo hili sikulijifunza kwenye manga, yaani katuni za Kijapani. Ujanani nilikuwa nikihariri kanda za harusi na misiba huko Moshi, zama za mikanda midogo iliyoingia kwenye kamera na kutoka imekunjamana. Mnafahamu utaratibu wa msiba uliorekodiwa: jeneza kutoka mochwari, ibada, wasifu wa marehemu, kaburi, mashada, familia moja moja ikiitwa kwa majina. Wasifu ule husomwa kwa sauti ya polepole, na hakuna marehemu aliyekuwa mlevi wala mkali kwa watoto. Wote walipenda watu na walishirikiana vizuri na majirani. Hatuuiti uongo, na wala aliyeuandika haoni kwamba amedanganya.

Katika msiba mmoja wa mama mtu mzima, mume alisimama kaburini, na pale ambapo watu walitarajia sala alimfokea marehemu. Alimwuliza kwa nini ameondoka na kumwachia deni la watu ambalo hakuwahi kumwambia habari zake. Zilikuwa kama sekunde arobaini, sauti ya koleo ikisikika nyuma yake. Binti yao aliketi kando yangu siku ya kuhariri na kuniambia, "Kaka, hapo toa, uweke kwaya." Nilitoa, nikaweka kwaya. Baada ya miaka kadhaa, baba naye akiwa ameshatangulia, binti yule alirudi kuniuliza kama bado ninacho kile kipande, kwa kuwa katika picha zote walizokuwa nazo hakuna mahali pengine ambapo baba yake alizungumza na mama yake kama alivyozoea kuzungumza naye nyumbani. Mkanda nilikuwa nimekwisha kuurekodia harusi nyingine.

Ndiyo maana nilipofika kwenye kipande cha baba yake Yuta niliacha kusoma kwa siku mbili. Nilimwona baba yule kuwa mhariri mwenye busara kuliko mimi: hakuweka kipande kibaya kwenye filamu, lakini pia hakukifuta. Alikitunza, na alipoona wakati umefika alikionyesha kwa mtu mmoja tu aliyepaswa kukiona. Anachomwambia mwanawe baada ya hapo ni kwamba anao uwezo wa kuamua mtu akumbukwe vipi. Maneno hayo yakitolewa peke yake yanaweza kusikika kama ruhusa ya kupaka marehemu rangi. Yasomeni pamoja na kipande kilichoyatangulia. Anayeruhusiwa kuchagua ni yule aliyekwisha kuona alichokiacha.

Yuta anamrekodi Eri mpaka mwisho. Filamu inaonyeshwa, ukumbi unalia, kisasi kimetimia. Fujimoto angeishia hapo tungepata kisa kizuri cha machozi na tungekisahau. Lakini baada ya onyesho anakuja msichana mmoja, rafiki wa Eri, ambaye anaeleza kwamba Eri halisi alikuwa akivaa miwani na vyuma vya kunyoosha meno, tena alikuwa mbinafsi na mwepesi wa kukasirika. Wakati tunajiuliza kama anakuja kulalamika, anashukuru. Anasema angependa kumkumbuka Eri huyu wa kwenye filamu. Kisanduku kile kinanifurahisha na kunitisha kwa pamoja, kwa sababu sisi wasomaji tumekaa na Eri kurasa zaidi ya mia moja, tumempenda, na sasa tunaambiwa kwamba yule tuliyempenda ameshahaririwa. Hatujawahi kumwona Eri. Tangu paani tumekuwa tukimwona kwa jicho la simu ile, na ni Yuta aliyeamua miwani isionekane.

Hapo kuna suala la ufundi ambalo wanafunzi wa sinema waliomo humu watalithamini. Katika manga ya kawaida, kisanduku hakina mpigaji picha. Tunakubali kwamba tunaona tu, kama Mungu aonavyo. Fujimoto ameondoa kibali hicho. Kwa kutikisa mistari anatufundisha kuuliza, kila tunapofungua ukurasa, kama kuna mtu ameshika kamera, na akishatufundisha anaacha kutujibu. Mistari ikitulia hatujui kama tumetoka nje ya filamu au mpigaji amepata tu mahali pa kuegemeza mkono. Kuna mazungumzo ya faragha yanayogeuka kuwa maigizo yaliyopangwa, na kuna maigizo yanayokatizwa na ugonjwa wa kweli.

Sehemu ya mwisho ndiyo dhaifu, au ndivyo nilivyoamini mara ya kwanza. Yuta amekua, anafanya kazi, ameoa, ana binti, na miaka yote hiyo ameendelea kuihariri upya filamu ya Eri kwa kuhisi kwamba kuna kitu kimepungua. Ajali ya gari inawaua baba yake, mkewe na binti yake, na habari hiyo inapita kwa haraka inayokera. Anakwenda kwenye lile jengo la zamani na kamba mkononi. Ndani anamkuta Eri, kijana vilevile, anatazama filamu. Kumbe alikuwa mnyonya damu kweli. Alikufa, akaamka bila kumbukumbu yoyote, na filamu ya Yuta ndiyo inayomwambia alikuwa nani. Wapo wasomaji wanaoonyesha jinsi Yuta huyu wa utu uzima anavyofanana na baba yake, na kudai kwamba ni baba anayeigiza, kwa maana hiyo ajali haikutokea na sehemu hii yote ni mwisho mpya wa filamu ya shule. Sina haja ya kuwapinga. Ikiwa ni kweli, haraka ile ya ajali ni haraka ya kijana anayeandika juu ya huzuni ambayo bado hajaijua.

Linalonivuta zaidi ni neno. Mapema katika hadithi Eri hulalamika kwamba mawazo ya Yuta yamekosa njozi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole, na kipimo anachokitaja kwa Kijapani, hitotsumami, ni kile ambacho mpishi hukitumia kwa chumvi. Kwetu sisi anayeongeza maneno tunasema ametia chumvi, na tunalisema kama lawama. Eri analisema kama mpishi aliyeonja mchuzi. Mwishoni Yuta anamuaga, anatoka, na anatambua kilichokuwa kimepungua miaka yote ni kile kile kiasi cha vidole. Jengo linalipuka nyuma yake.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa jibu kwa mama aliyemtumia. Huu wa pili haumjibu mtu. Ndani kumebaki msichana ambaye, kwa sheria za hadithi yenyewe, hufa na kuamka tena. Lakini nawaomba mkirudi nyumbani mfungue ukurasa ule wa mwisho, mmtazame Yuta anayeondoka, mtazame moto ulivyokaa katikati ya picha kama ulivyokaa ule wa hospitali, kisha mjiulize kama nilivyojiuliza mimi: ikiwa Yuta yumo ndani ya picha na Eri yumo ndani ya jengo, nani ameshika kamera?

Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.