Manjano, klorokwini na seli inayojila

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mnauguza mtu nyumbani, na swali mlilokuja nalo ni moja: je, manjano yanatibu saratani? Nitalijibu, ila naomba tupite kwanza ndani ya seli, maana jibu liko huko.

Karibu kila seli ya mwili hula sehemu zake yenyewe. Protini zilizoharibika na vijisehemu vilivyochakaa huzungushiwa utando mpaka vikawa kifuko, kisha kifuko hicho huungana na laisosomu, chumba chenye tindikali na vimeng'enya vya kuyeyusha. Kinachobaki hutumika upya, kama vyuma chakavu vinavyokwenda tanurini na kurudi vikiwa nondo. Kazi hii wataalamu huiita otofajia.

Aliyetufumbua macho ni Mjapani Yoshinori Ohsumi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kutumia hamira. Alichukua hamira zisizo na vimeng'enya vya kuyeyusha, akazinyima chakula, akaziweka chini ya hadubini. Baada ya saa chache aliona vifuko vimejazana ndani, vimefika pa kuyeyushwa lakini havijayeyushwa. Kuanzia hapo akazisaka jeni zinazoendesha kazi yote, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa saratani. Mwaka 1999 Beth Levine na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba jeni iitwayo beclin 1, inayohitajika kwa otofajia, imefifia katika seli nyingi za saratani ya matiti. Walipoirudisha, seli hizo zilipungua kasi ya kukua. Kwa hiyo seli yenye afya inapojisafisha vizuri, hujikinga na saratani.

Lakini uvimbe ukishaota mizizi, mambo hugeuka. Katikati yake damu ni haba na oksijeni ni haba, na seli ya saratani nayo hujila ili isife njaa. Ikipigwa kwa dawa, hujinusuru kwa njia hiyo hiyo. Saratani ya kongosho ni hodari sana kwa hili. Ndiyo maana watafiti waliigeukia klorokwini, dawa yetu ya zamani ya malaria, ile iliyowawasha wengi mwili mzima. Huingia kwenye laisosomu, hupunguza tindikali, na ulaji unakwama. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 112 wa kongosho, na matokeo yakatoka mwaka 2019: uvimbe ulinywea kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko kwa wale wasioipata, lakini maisha hayakurefuka.

Upande wa pili kuna rapamaisini, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo uliochotwa kisiwani Rapa Nui, katika bahari ya Pasifiki, mwaka 1964. Yenyewe huzima mTOR, protini inayoizuia otofajia, na hivyo kuifungulia. Jamaa yake, everolimusi, leo hutumika kutibu saratani ya figo.

Mnaona ugumu? Kiini cha asili kinachochochea otofajia kinaweza kumfaa mtu mwenye afya, na kwa mgonjwa kikaupa uvimbe chakula. Kurkumini ya kwenye manjano huichochea katika seli nyingi za maabara. Ila seli za kwenye sahani huogelea ndani ya dawa, na mwili haufanyi hivyo: hata mtu akimeza gramu kadhaa, inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Wauzaji wa vidonge wakaongeza piperini ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi. Piperini hiyo hiyo huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, zikiwemo za saratani, na dozi aliyopimiwa mgonjwa inaweza kumzidi mwilini.

La chai ya kijani ndilo linanisumbua zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Los Angeles waligundua kwamba kiini chake kikuu, EGCG, hujishikiza moja kwa moja kwenye bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho, na kuifuta nguvu katika panya. Mgonjwa anaweza kuuza ng'ombe apate dawa, kisha akaizima kwa vidonge vya "asili".

Basi jibu langu: manjano kwenye mchuzi, pikeni bila hofu. Kutibu saratani, bado hayajathibitika. Vidonge na unga uliokolezwa, msimpe mgonjwa aliye kwenye dawa au mionzi kabla daktari wake hajaona kopo lenyewe na kusoma kilichoandikwa. Na mkishampa tayari, semeni, hata kama mnaogopa kukaripiwa. Daktari asiyejua hawezi kupanga dozi.

Maswali sasa. Mwenye mgonjwa anayeendelea na dawa wiki hii, naomba aanze yeye.