Kusoma mafaili ya mialo kwa skripti ya SSIS

Karibu mtazamaji. Leo tunasoma mafaili ya CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, kwa skripti ndani ya SSIS, kifaa cha kuhamisha data kinachokuja na SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, tangu toleo la 2005. Mfano ni wa hapa hapa Kigoma. Tuseme makarani wa mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji huweka kila asubuhi mafaili ya kilo za dagaa na migebuka kwenye folda moja, nasi tunataka yaingie kwenye hifadhidata bila mtu kuchapa upya.

Fungua mradi wako kwenye Visual Studio. Tazama chini ya skrini, palipoandikwa Connection Managers. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua New Connection, kisha FILE, kisha Add. Kwenye Usage type wengi huacha Existing file. Mimi nakushauri uchague Existing folder, na sababu utaiona sasa hivi. Elekeza kwenye folda, bonyeza OK, halafu uipe jina FoldaMialo. Jina hili litaitwa na skripti, kwa hiyo herufi moja ikikosewa kazi imekwama.

Buruta Script Task hadi kwenye uwanja wa Control Flow, ibofye mara mbili, bonyeza Edit Script. Juu, penye mistari ya using, ongeza:

using System.IO;

Shuka hadi kwenye Main, andika:

string folda = (string)Dts.Connections["FoldaMialo"].AcquireConnection(Dts.Transaction);

Simamisha video kidogo. Hapa ndipo wengi hupotea, hasa waliozoea miunganisho ya hifadhidata, ambayo hukupa kitu kilichokwisha kufunguliwa. Muunganisho wa faili haufungui chochote. Unakurudishia maandishi tu, yaani anwani. Ni kama umeelekezwa nyumba pale Mwanga: hodi utapiga mwenyewe. Kufungua, kusoma na kufunga ni juu yako.

Sasa tunga njia ya faili la leo:

string njia = Path.Combine(folda, "kibirizi_" + DateTime.Today.ToString("yyyyMMdd") + ".csv");

Kabla ya kusoma, uliza kama lipo: if (File.Exists(njia)). Wana Kigoma mnaelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Siku hizo faili linaweza lisije kabisa, na hakuna aliyekosea. Skripti isiyouliza itaanguka. Ndiyo maana nilitaka folda: yenyewe ipo siku zote.

Ndani ya if, andika:

using (StreamReader msomaji = new StreamReader(njia))
{
    string mstari;
    while ((mstari = msomaji.ReadLine()) != null)
    {
        string[] safu = mstari.Split(',');
    }
}

Hiyo using usiiache. Hulifunga faili hata kosa likitokea katikati. Bila hiyo faili linaweza kubaki limeshikwa, na hatua ya kulihamishia kwenye folda nyingine ikagoma, ikidai linatumiwa na programu nyingine.

Kuhusu huo mkato ndani ya Split, fungua kwanza faili kwa Notepad. Excel kwenye baadhi ya kompyuta hutenganisha kwa nukta-mkato, kutegemea mipangilio ya nchi iliyowekwa.

Mwisho wa Main uache mstari wa Dts.TaskResult ulioukuta. Hifadhi, funga, bonyeza Start, subiri alama ya kijani.

Ukihamishia kazi kwenye seva, kumbuka SQL Server Agent, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba, huiendesha kwa akaunti nyingine, si yako. Diski ya mtandao, kama Z, uliyoiunganisha kwenye kompyuta yako kule haipo. Tumia njia kamili ya mtandao, kama \\seva\mialo, na uombe akaunti hiyo ipewe ruhusa ya kusoma folda. Anwani unaibadilisha kwenye FoldaMialo tu, skripti huigusi.