PS4 ya mtumba na gemu za ngumi: kutoka kwenye boksi mpaka raundi ya kwanza

Mbukwenyi wadau! Leo nipo nyumbani hapa Nkuhungu, Dodoma. Mezani nina PlayStation 4 ya mtumba, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2016, pedi mbili na gemu tatu: Tekken 7, God of War na Mortal Kombat 11. Muuzaji kaziita "gemu za ofa". Kabla ya kuchomeka chochote, tuikague hiyo ofa.

Sogea uone. Tekken na God of War zina diski. Hizo ni mali yako, na siku ukizichoka unauza au unabadilishana na mwenzako. Geuza diski uitazame kwenye mwanga: mikwaruzo ya kutoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haisumbui, ila ule unaozunguka kufuata duara la diski ndio wa kuogopa.

Mortal Kombat haina diski, imejazwa ndani ya mashine. Hapa ndipo tunapopigwa. Gemu ya hivi imefungwa kwenye akaunti ya mtu, na mtu huyo si wewe. Akiamua kuifanya mashine nyingine kuwa mashine kuu ya akaunti yake, unabaki na picha ya gemu yenye kufuli pembeni. Mimi niliwahi kununua mashine yenye gemu saba ndani. Wiki ya pili sita zikawa na kufuli, na simu ya muuzaji haipatikani. Kwa hiyo palepale dukani mwambie awashe, uingie kila gemu mpaka watu waanze kupigana, usiridhike na ile picha ya mwanzo. Na bei mpatane kwa kuhesabu diski. Zilizojazwa ndani zihesabu kama chumvi ya kuongezewa.

Haya, tupange. Ukiwa Dodoma unalijua vumbi letu la kiangazi. Usiiweke mashine sakafuni, wala usiichimbie ndani ya kabati la TV. Hewa ya moto inatokea huku nyuma, acha nafasi kama kiganja kizima. Na kile kitambaa cha kufumwa cha mama, samahani mama, kinatoka hapo juu.

Picha inapita kwenye waya wa HDMI peke yake. Kama TV yako ni ya chogo, yenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, utahitaji konveta ya HDMI kwenda AV. Picha itaonekana, ila maandishi madogo utayasoma kwa kukunja macho.

Washa. Taa ya bluu kidogo, kisha nyeupe: imewaka. Ya rangi ya chungwa maana yake imelala, haijazimwa, kwa hiyo usichomoe waya ukutani. Umeme ukikatika katikati ya gemu, ukirudi mashine itakuambia haikuzimwa vizuri na itajikagua. Iache imalize.

Sasa pedi. Iunganishe na mashine kwa waya kwanza, halafu bonyeza kile kitufe cha katikati chenye nembo. Ikigoma, badilisha waya kabla hujamlaumu fundi au muuzaji. Nyaya nyingi za bei rahisi za simu zinapitisha chaji tu, data hazipitishi. Pedi inachaji, mashine haiioni. Ya pili fanya vivyo hivyo, na ikikuuliza ni mtumiaji gani, chagua mgeni.

Ingiza diski ya Tekken. Itajipakia kwanza, nenda kaoge. Intaneti huihitaji kupigana na mtu mliyekaa naye mkeka mmoja.

Sikiliza siri ya Tekken: kila kitufe ni kiungo. Kiboksi ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukilishika hilo, unaacha kubonyeza ovyo. Kujikinga, vuta nyuma, na teke la chini likija vuta nyuma na chini. Kwenye Mortal Kombat usijaribu hivyo, utapigwa huku unarudi nyuma: kule kinga ina kitufe chake, R2. Gemu hiyo pia ni ya miaka 18 na kuendelea, mifupa inavunjika unaiona kabisa, hivyo watoto wakiwepo tubaki na Tekken.

Kwa anayeanza Tekken, mchukue mpiganaji anayeitwa Eddy Gordo. Yupo tangu Tekken 3 ya mwaka 1997, anapigana kapoeira, mapigano ya Brazili yanayofanana na ngoma, na hata ukikosea anaonekana anacheza ngoma. Wazoefu watakuita mwoga. Waache.

Mdogo wangu ameshakaa na pedi yake, kachagua Eddy kabla yangu. Raundi ya kwanza hiyo.