Jiwe na Homa: Msisubiri Asubuhi

Hili la jiwe la figo linalokuja na homa mmeshanisikia nikilisema mpaka mmechoka. Nitalirudia, kwa sababu nimeletewa tena rufaa ya aina ile ile: mama ana kisukari, maumivu makali ya ubavu, homa, anatetemeka, na cheti kimeandikwa "mkojo safi, anywe maji mengi."

Mkojo safi! Jamani, umetoka figo gani? Jiwe limeziba mrija wa kulia unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, usaha umefungiwa huko juu. Kilichofika maabara ni mkojo wa figo ya kushoto, ambayo ni nzima. Presha yake, ile namba ya juu, ilikuwa imeshuka hadi 80. Nilipompitisha sindano mgongoni hadi ndani ya figo kwa kuongozwa na ultrasaundi, bomba la sindano lilijaa kitu kizito kama mtindi. Tukamwachia mrija wa kutolea usaha nje. Kesho yake alikuwa anaulizia uji.

Kuna atakayesema: daktari, antibayotiki ya seftriaksoni tulimpa. Vizuri, tena mpeni mapema, mkishachukua damu na mkojo wa kuotesha bakteria maabara. Lakini figo iliyoziba haichuji sawasawa, kwa hiyo dawa inayofika kwenye usaha ule ni kidogo mno. Badilisheni antibayotiki mpendavyo, usaha utabaki palepale mpaka utolewe, kwa mrija wa mgongoni au kwa stenti, yaani kijirija kinachopandishwa kutoka kibofuni hadi figo. Msianze kubishana ipi bora. Zilishalinganishwa tangu 1998, hakuna iliyoishinda nyingine. Tumieni ile ambayo aliye zamu usiku huo anaiweza.

Na maji mengi? Chini kumeziba, wewe unaongeza juu! Dripu ni ya kuinua presha, haisukumi jiwe.

Ndugu watauliza, "Jiwe mmelitoa?" Waambieni bado. Kulichokoa leo ni kuwamwaga bakteria kwenye damu. Litatolewa maambukizi yakiisha.

Msikae kungoja picha ya CT ya mkoa wa jirani. Ana homa, na ultrasaundi inaonyesha figo imetanuka kwa mkojo? Pigeni simu, ambulensi iondoke.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Haraka basi: mwenye figo moja tu, nayo imeziba, au aliyeziba pande zote mbili, ni dharura hata bila homa. Huyo diklofenaki, ile dawa ya maumivu, hapana. Pimeni potasiamu ya damu, inayoweza kupanda figo zikiziba, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu ikiwa juu na moyo ukionyesha mabadiliko, kalsiamu glukoneti kwanza, kisha insulini na glukosi. Njia ya mkojo ikishafunguliwa anaweza kukojoa lita nyingi, pimeni mkojo kila saa. Mambo ya chakula cha kuzuia mawe mtamuuliza mwenzangu baada ya chai.